Watu wa Ng'ambo

Mwaka ule kiangazi kiliwahi, na visima vya nyikani vikageuka tope kabla watu hawajamaliza kuvuna. Waorma nao wakawahi kuvuka kutoka nyika ya ng'ambo, wakapiga kambi upande huu na kushuka mtoni na ng'ombe wao. Halikuwa jambo la kumshangaza mtu yeyote wa Garsen. Kati ya mashamba ya Wapokomo paliachwa njia pana ya mifugo kwenda majini, ikiitwa malka, na desturi zake zilijulikana na wakubwa kwa wadogo. Ukilima ukaimega malka, wazee walikuja kukung'olea miche. Ng'ombe akiingia shambani, mwenyewe alileta maziwa kila asubuhi mpaka mwenye shamba aseme basi, yatosha.

Shamba la Tuneya lilipakana na malka hiyo. Alilirithi kwa mama yake, na hata mumewe Buya, mtu wa maneno makali, hakuwahi kuliita lake. Upande wa pili wa mto Tuneya alikuwa na jaruba la mpunga, akivuka kwa mtumbwi kwenda kulipalilia kama mtu anavyotoka chumbani kwenda jikoni. Maziwa ya nyumba yake yaliletwa na Barwako, mwanamke wa Kiorma, ambaye aliondoka na mahindi au ndizi. Walianza kupeana hivyo wakiwa wasichana, nao wakaendelea mpaka Tuneya akawa Mama Arafa na Barwako akawa Mama Jilo. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama kwa yeyote kati yao. Kila mmoja alikivunja kwa namna yake, na hawakuwahi kushindwa kuelewana.

Siku ilipopigwa picha iliyokuja kuleta maneno, Barwako na nduguze waliingia malka jua likiwa kichwani. Ng'ombe walikuwa na kiu ya muda mrefu, na waliponusa maji walianza kusukumana. Barwako alimkabidhi Tuneya kibuyu cha maziwa, akamwachia na binti yake mdogo, Sadia, kisha akakimbilia mbele. Akainua fimbo juu kwa mikono miwili, akapiga ukelele wa kuwazuia, maana wangeingia mtoni wote kwa pamoja wangekanyagana. Vumbi likatimka. Watu mashambani waliacha majembe wakasimama kutazama. Kulikuwa na fahali mmoja mwekundu, mkaidi, aliyeketi katikati ya njia akakataa kuinuka, na wanawake wakaanza kumshangilia kama mchezaji ngoma. Aliyeshangilia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Mwanaarusi, jirani yake Tuneya.

Pale kwenye kivuko palikuwa na gari likingojea kuvushwa. Kijana mmoja aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi alishuka, akapanda juu ya paa la gari, akaweka kamera jichoni. Alipiga picha mara kadhaa, kisha akashuka akamjia Tuneya aliyekuwa karibu.

"Samahani, mama. Hawa wanatoka wapi?"

Tuneya alikuwa na mtoto kiunoni, na kibuyu kilikuwa kinavuja maziwa mkononi.

"Ng'ambo," akasema.

"Ng'ambo kabisa?"

"Ng'ambo kule." Akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa mto.

"Ni wengi mno."

"Wana kiu, mwanangu."

Kijana alijitambulisha kuwa anaitwa Mwaringa, anafanya kazi katika gazeti moja Mombasa, na anaelekea Lamu. Tuneya akampa ndizi mbili za njiani. Kijana akazipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akaingia garini. Kivuko kikavutwa kwa kamba mpaka upande wa pili, na Tuneya hakumfikiria tena.

*

Gazeti lilifika Garsen na lori la magunia ya sukari, likashushwa kwenye duka la Athman. Athman alikuwa mtu wa Kipini, msomaji, na kila gazeti lilipofika aliwasomea waliokaa kwenye benchi lake. Siku hiyo hakungoja watu wakae. Alimwona Tuneya akipita na mumewe, akampungia mkono aje, akimwita kwa lafudhi ya kwao.

"Ndoo, Mama Arafa! Ndoo utazame watu wako!"

Picha ilichukua nusu ya ukurasa. Tuneya aliinama, akaitazama, akacheka.

"Si Mama Jilo huyu! Na yule fahali je, yuko wapi?"

Hakuna aliyecheka naye. Athman alikohoa, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya gazetini. Wavamizi wa ng'ambo wafurika Tana. Makundi ya watu kutoka ng'ambo ya mpaka yanaingia kwa nguvu na mifugo yao, na wakulima wanaishi kwa hofu. Mwenyeji mmoja alimthibitishia mwandishi wetu kwamba watu hao wanatoka ng'ambo.

"Mwenyeji gani huyo?" Buya akauliza.

Tuneya aliendelea kuinamia picha. Alisikia uso wake ukipata moto.

"Mpaka upi?" akauliza mtu mwingine kwenye benchi.

"Mto," alisema Athman. "Serikali yasema mto ndio mpaka. Wafugaji wa kaskazini hawana ruhusa kuuvuka. Hamkuambiwa?"

Walikuwa wameambiwa, kwa namna ambayo mtu huambiwa mambo ya serikali. Lakini hakuna aliyewahi kuyaona. Sasa yalikuwa yamechorwa mbele yao, meusi na meupe. Athman akaugongomea ukurasa kwenye mlango wa duka kwa misumari, ili na wasiojua kusoma wapate habari.

Kwa siku kadhaa Tuneya alitafuta sababu za kupita dukani. Chumvi, kibiriti, uzi. Alisimama mbele ya mlango akautazama ukurasa ule akitaka kuukamata uongo wake, akashindwa. Kila kilichokuwamo kilikuwapo siku ile. Pembe zilikuwapo, vumbi lilikuwapo, na Barwako kweli alikuwa amefumbua mdomo na kuinua fimbo. Ila picha ilianzia kwenye kwato na kuishia kwenye vumbi, kwa hiyo kundi halikuwa na mwisho. Wanawake waliokuwa wakicheka hawakuwamo. Uwanja mtupu nyuma ya ng'ombe wa mwisho haukuwamo. Na pale ambapo Tuneya mwenyewe alisimama na mtoto wa yule mvamizi kiunoni, hapo ndipo karatasi ilipokatikia.

*

Wa kwanza kubadilika alikuwa Mwanaarusi. Walikuwa wakichota maji pamoja aliposema, "Siku ile mimi nilitupa jembe nikakimbia. Nilijua tumekwisha."

Tuneya alidhani anatania. "Wewe? Ulikuwa ukimshangilia fahali."

"Fahali gani?"

"Yule mwekundu, aliyeketi njiani."

Mwanaarusi alimtazama kama mtu anayesemeshwa na mgonjwa wa homa. "Mama Arafa, watu wale walikuja na fimbo juu. Nicheke nini mimi?"

Wala hakuwa akidanganya. Hilo ndilo lililomsumbua Tuneya njia nzima ya kurudi. Uso wa Mwanaarusi ulikuwa uso wa mtu anayesema anachokikumbuka.

Wiki hiyo hiyo wanaume walikata matawi ya miba wakayapanga mdomoni mwa malka. Waliacha upenyo wa ng'ombe mmoja mmoja, na kijana mwenye panga akiwa amesimama hapo. Buya alikuwa mstari wa mbele. Watoto wakaacha mchezo wao wa kuigiza harusi, wakaanza mchezo mpya wa wavamizi na wenyeji, na hakuna aliyetaka kuwa mvamizi.

Tuneya aliwacheka wote kimoyomoyo. Kisha alasiri moja, akipepeta mpunga peke yake uani, alisikia kengele za mbao za ng'ombe zikija kwa mbali. Ungo ukamponyoka. Alijishika ukutani akijiuliza anaogopa nini. Akajilazimisha kuikumbuka siku ile, hatua kwa hatua: maziwa yalivyovuja, mtoto alivyokuwa mzito. Lakini kilichomjia machoni kilikuwa ni ng'ombe wakionekana kutoka juu, migongo kwa migongo, bila mwisho, na mwanamke mwenye fimbo akimjia. Kutoka juu! Yeye alikuwa amesimama chini, kwenye tope. Aliyekuwa juu ya paa la gari alikuwa Mwaringa. Tuneya alikuwa akikumbuka kwa macho ya mtu mwingine.

Angali amesimama hivyo, hodi ikabishwa. Alikuwa Barwako na kibuyu chake, na Sadia ameshika nguo yake.

"Hodi, Mama Jilo," Tuneya alisema, akakosea neno. Badala ya kusema karibu alisema hodi. Akatoka akasimama mlangoni, akapokea maziwa palepale, akaingia peke yake kumimina, akarudi na mahindi kwenye kikapu. Siku zote Barwako aliingia ndani akakaa jikoni kwenye kigoda, akavua viatu, akalalamika juu ya mgongo wake.

Barwako alikipokea kikapu. Akamtazama usoni kwa muda.

"Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna."

"Haya," alisema Barwako. Akamshika mtoto mkono, akaondoka. Tuneya alibaki mlangoni na kibuyu kitupu. Aliona aibu, na bado hakumwita arudi.

*

Afisa wa serikali alikuja na askari wawili, na chifu akaitisha baraza mbele ya ofisi yake. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma. Waorma waliokuja walikuwa wachache, wakaketi pembeni, na mzee wao Jaldesa mbele yao. Barwako alikuwa miongoni mwa wanawake wao, shuka likimfunika mpaka mdomoni.

Afisa alizungumza Kiswahili cha kuamuru. Alikuwa na gazeti lile, limekunjwa mara mbili. Akalikunjua akaliinua juu ili kila mtu aone, akasema serikali imepata habari ya uvamizi na inataka kusikia wenyeji wanasemaje kuhusu kufungwa kwa malka.

Wanaume wakasimama mmoja baada ya mwingine. Walisema mambo ya kweli yaliyochanganyika na ya hofu: mahindi yaliyoliwa mwaka fulani, ugomvi wa zamani, watu wengi wasiojulikana. Buya alisema, "Ukimwachia mtu malka leo, kesho atataka shamba." Wakamwitikia. Jaldesa aliposimama alieleza kwa utulivu kwamba babu yake alinywesha hapo na baba yake pia, na kwamba wao si wale wafugaji wa kaskazini waliokatazwa kuvuka mto. Afisa akamsikiliza huku macho yake yakiwa kwenye picha, kana kwamba ndiyo inayosema na mzee anaipigia kelele.

Tuneya hakujua amesimama mpaka alipoona vichwa vinageuka.

"Kaa, Mama Arafa," Buya alisema chini chini.

"Nitakaa nikimaliza." Akamgeukia afisa. "Bwana, mwenyeji aliyetajwa humo gazetini ni mimi."

Afisa akainua macho kutoka kwenye picha.

"Kijana aliniuliza wanatoka wapi, nikasema ng'ambo. Nilimaanisha ng'ambo ya mto. Hapo! Mpunga wangu uko ng'ambo. Mama yangu amezikwa ng'ambo. Nusu ya watu waliokaa hapa wanalima ng'ambo, na leo asubuhi wamevuka kuja kusema watu wa ng'ambo wazuiwe."

Kicheko kidogo kikapita nyuma, kati ya wanawake.

"Kwa hiyo unasema picha ni ya uongo?" afisa akauliza.

Tuneya alisita. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo.

"Hapana. Yaliyomo yalikuwapo. Lakini mimi nilikuwapo pia, na simo. Nilikuwa nimembeba mtoto wa huyo mwenye fimbo, kwa kuwa alinipa nimshike. Mtu akija kukuvamia hakupi mwanawe umbebee."

"Walikuwa wangapi siku hiyo?"

"Sijui tena, bwana. Nikikumbuka, naona gazeti. Na sisemi haya kwa sababu hawa ni Waorma na wale wa kaskazini ni watu wengine. Hata wangekuwa wale wengine, ng'ombe ana kiu. Tungekaa chini tukazungumza zamu za maji, kama tulivyofanya siku zote. Sasa hatuzungumzi. Tunatazama mlango wa duka."

Alikaa. Mwanaarusi, aliyeketi kando yake, alimgusa goti bila kumtazama, na Tuneya hakujua kama alikuwa akimpa moyo au akimnyamazisha.

Afisa alimshukuru. Kisha akalikunja gazeti, akasema amri ilikwisha kutolewa huko juu kabla hajaja: malka ya Garsen imefungwa hadi mvua zinyeshe, na atakayekutwa na mifugo hapo atakamatwa. Baraza lilikuwa la kuwajulisha.

Chifu akawatawanya watu. Waorma waliinuka wakaenda kwa ng'ombe wao.

*

Malka nyingine iliyokuwa karibu ilikuwa juu, upande wa Hewani, safari ambayo ng'ombe waliokonda wasingeimaliza wote. Tuneya aliyajua hayo bila kuambiwa. Alipofika nyumbani hakupika. Alichukua panga akaenda shambani kwake, akaanza kukata boma la miti lililotenga shamba na nyika. Mahindi yalikuwa yamekwisha vunwa, yamebaki mabua. Shamba lilishuka moja kwa moja mpaka majini, na amri ilitaja malka, haikutaja shamba la mtu.

Buya alimkuta amekwisha fungua pengo la kupita gari.

"Umerukwa na akili? Umenitia aibu barazani, sasa unaita watu waje wakanyage migomba?"

"Shamba la mama yangu, Baba Arafa."

"Najua ni la nani!"

Alimzunguka kwa hasira, akatema mate, akatazama pengo, akatazama migomba. Tuneya aliendelea kukata. Mwishowe Buya akamnyang'anya panga, na Tuneya alidhani atalitupa mtoni.

"Wakipitia hapa watamaliza migomba yote," alisema. "Pengo lilitakiwa kule, kwenye mabua." Akaanza kukata kule alikosema, akinung'unika, asimtazame mkewe. Hakuwa amebadili mawazo yake. Alilisema hilo usiku ule na siku nyingine nyingi. Lakini alikata.

Tuneya alimfuata Barwako kambini mwenyewe. Walikuwa wakifunga mizigo. Alimweleza habari ya shamba, na Barwako alisikiliza mpaka mwisho huku akikaza kamba.

"Siku ile ulinipokelea mlangoni," alisema.

"Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Wewe. Usiniulize kwa nini, ni jambo la kipumbavu."

Barwako akaacha kamba. "Mimi niliiona hiyo karatasi sokoni Minjila, kabla ya baraza. Mtu aliniletea usoni. Nikamwona yule mwanamke mwenye fimbo, nikamwambia Sadia ajifiche nyuma yangu. Nilifikiri, huyu ni mtu mbaya, huyu anatoka wapi? Mpaka nilipoona ushanga wangu." Akagusa shingo yake. "Fikiri. Nilijiogopa mwenyewe."

Hawakucheka, ingawa siku nyingine wangelicheka jambo hilo mpaka machozi yakawatoka. Walikaa juu ya mzigo uliofungwa nusu. Baadaye Barwako akamwita Jaldesa, wakapanga zamu: makundi madogo madogo, asubuhi na alasiri, na mtu mmoja wa kukaa kwenye migomba.

Ng'ombe walinywea shambani kwa Tuneya mpaka mvua zilipokuja. Chifu alimwita, akamgombeza mbele ya watu, kisha akamwambia kando kwamba hatapita njia hiyo kwa muda. Majirani wawili walifungua mashamba yao pia. Mwanaarusi hakufungua lake, lakini jioni alikuja kusimama ukingoni kutazama, na siku moja aliletewa maziwa akayapokea. Ng'ombe kadhaa walikufa hata hivyo. Migomba mitatu iliangushwa, na Buya aliitaja kila alipopata nafasi.

Hakuna mtu aliyekuja na kamera kupiga picha ya hayo. Kwenye benchi la Athman, wasafiri wa kutoka Malindi waliendelea kuuliza ni wapi wavamizi walipopita, na wenyeji wengine waliwaonyesha.

Mvua ziliponyesha, mto ulianza kujaa, na Waorma wakaanza kuvuka kurudi nyikani kabla haujapanda mpaka kwenye mabua. Barwako alipita kuaga. Alisimama mlangoni, akangoja. Tuneya alisema karibu, akalisema tena, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Barwako akaingia, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda jikoni. Mvua ikapiga makuti. Kisha Barwako akajinyoosha, akashika kiuno, akaanza kulalamika juu ya mgongo wake, na Tuneya akaongeza kuni mekoni ili chai iwahi kuchemka.